Jino lililotibiwa mzizi limevunjika: niling'oe au nilivishe kofia?

Shikamoo daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi, na nauza mitumba soko la Memorial. Nyumbani tumegawanyika kwa ajili ya jino langu moja, na nimechoka kusikiliza kila mtu na lake.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja gego la chini upande wa kulia lilinitesa wiki nzima. Usiku silali, chai ya moto siwezi. Nilikwenda kliniki moja, daktari akasema jino limeoza mpaka kwenye mshipa, nichague kung'oa au kutibu mzizi. Nikachagua kutibu. Nilihudhuria mara tatu. Mara ya mwisho akaziba kwa dawa nyeupe, akasema hii ni ya muda tu, nirudi baada ya wiki mbili tuzibe ya kudumu kisha tulivishe kofia. Kofia ilikuwa shilingi 400,000. Daktari, nitakuwa mkweli: maumivu yalikuwa yameisha kabisa, Januari ilikuwa mlangoni, na mtoto wangu mkubwa anasoma bweni. Pesa ikaenda kwenye ada. Sikurudi.

Wiki iliyopita tulikuwa msibani Kibosho. Nikiwa nakula makande nikasikia kitu kama kokoto. Kutema, ni kipande cha jino langu mwenyewe, upande wote wa ulimi. Hata halikuuma. Kipande nimekihifadhi kwenye kiboksi cha kiberiti. Nilikwenda kwa daktari mwingine, akaangalia haraka haraka, akasema ataweka nguzo ndani ya mzizi ili jino liwe imara, halafu kofia juu. Jumla inapita laki tano.

Mama mkwe anasema jino lililouliwa mshipa ni kama mti uliokauka, ukiegemea unakatika, kwa hiyo ning'oe nipumzike. Mume wangu anasema tulishalipa mara moja na jino limevunjika, kwa nini tulipe mara ya pili? Mimi ninataka kujua jambo moja: jino la namna hii likitengenezwa linaweza kuwa na nguvu kama zamani, au nitakuwa natupa pesa?

Mengine mawili. Mwanangu wa miaka 15 alipigwa kiwiko mpirani mwezi wa tano, jino la mbele likafa, akatibiwa mzizi. Jino lake ni zima, lina kitundu tu kwa nyuma ambacho kimezibwa. Naye anahitaji kofia? Na mimi nimezaliwa Ngarenanyuki, meno yangu ni ya kahawia kama ya watu wengi wa kule. Kuna mtu aliniambia meno haya hayashiki dawa. Ni kweli?

Mama Watatu, Pasua

JIBU

Marahaba, mama. Poleni na msiba, na pole kwa jino.

Nianze na neno la mama mkwe, maana ndilo linalong'oa meno mengi ambayo yangeweza kukaa. Hajalitunga yeye. Hata sisi madaktari tulilishika kwa miaka mingi: jino likitolewa mshipa damu haifiki, linakauka, linakuwa kama kijiti. Mwaka 1992 watafiti wawili, Sedgley na Messer, waliamua kulipima. Walichukua meno 23 yaliyokuwa yametibiwa mzizi, wakalinganisha kila moja na mwenzake wa upande wa pili wa kinywa cha mtu yuleyule, ambalo lilikuwa bado hai. Walipoyapima kwa mashine, nguvu za mfupa wa jino, ile dentini, zilikuwa karibu sawa. Kutolewa mshipa peke yake hakuligeuzi jino kuwa mti mkavu.

Lakini mama mkwe ameona kwa macho yake meno ya namna hii yakivunjika, na hapo hakukosea. Yanavunjika kweli, ila sababu ni nyingine.

Fikiria kibuyu. Ukikitoboa tundu dogo juu, bado ni kigumu, unaweza kukibeba shambani na kurudi nacho. Ukikikata mdomo mpana, kuta zake zinaanza kupinda ukizibonyeza. Ukikata na ubavu, hata mtoto atakivunja. Jino ni hivyo hivyo. Mwaka 1989 Reeh, Messer na Douglas walipima jambo hili kwenye magego madogo yaliyokwisha kung'olewa. Tundu la kuingilia kwenye mzizi lilipunguza ukakamavu wa jino kwa takriban asilimia 5 tu. Shimo la kuziba la juu ya jino lilipunguza asilimia 20. Lakini shimo lililopita kutoka mbele hadi nyuma, likabomoa kuta zote mbili zinazogusana na meno jirani, lilipunguza asilimia 63.

Hebu tazama tofauti hiyo. Kutibu mzizi kwenyewe kuna hatia ndogo sana. Kilicholimaliza jino lako ni ugonjwa uliokula kuta kabla hujafika kliniki, kisha miezi minane ya kutafunia jino lililobaki na kuta nyembamba bila kitu cha kuzifunga pamoja. Kila unapouma, vilima vya gego la juu vinaingia katikati ya gego la chini kama kabari kwenye gogo. Jino zima linastahimili. Jino lililo wazi katikati linapanuliwa kidogo leo, kidogo kesho, ufa unatembea, na siku ya makande ufa unafika mwisho. Makande yasilaumiwe, yangeweza kuwa ndizi.

Na halikuuma kwa sababu mshipa wa ndani haupo. Ndiyo hatari ya meno haya, hayatoi taarifa. Wewe uliona maumivu yameisha ukadhani kazi imeisha, na wagonjwa wangu wengi wanafikiri hivyo hivyo. Sikulaumu, na ada ya mtoto ni ada. Lakini ninaumia kila ninapoona jino lililookolewa kwa taabu likipotea kwa kukosa hatua ya mwisho. Sisi madaktari tuna sehemu yetu pia. Tunasema "rudi baada ya wiki mbili" bila kueleza kwamba dawa ile nyeupe ni laini, inalika, na baada ya wiki chache mate yanaanza kupenya.

Sasa swali la mume wako, je, ni kutupa pesa? Mwaka 2002 Aquilino na Caplan walichapisha walichokiona nchini Marekani: meno yaliyotibiwa mzizi ambayo hayakuvishwa kofia yalipotea kwa kasi mara sita kuliko yaliyovishwa. Miaka miwili baadaye Salehrabi na Rotstein walipitia kumbukumbu za bima za nchini humo, meno zaidi ya milioni moja. Baada ya miaka minane asilimia 97 yalikuwa bado mdomoni, na kati ya yale yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa na kofia. Kwa hiyo mwambie baba watoto kwamba mlilipia nusu ya kazi, na iliyovunjika ni ile nusu ambayo haijafanywa.

Hata hivyo siwezi kukuambia kutoka hapa kwamba jino lako litengenezwe. Kuna jambo moja linaloamua, nalo ni kiasi cha jino lako mwenyewe kilichobaki juu ya ufizi.

Unajua patasi ya fundi seremala? Pale chuma kinapoingia kwenye mpini kuna pete ya chuma, mafundi wa zamani wanaiita noleo. Kazi yake ni kuuzuia mpini usipasuke nyundo inapogonga. Kofia ya jino inafanya kazi hiyo hiyo. Inashika jino kuzunguka shingo na kulibana, ili unapotafuna nguvu isilipasue. Lakini pete haibani hewa wala haibani dawa ya kuzibia, ni lazima ikumbatie jino lenyewe. Tunataka walau milimita 2 za jino imara kwenda juu kutoka mahali kofia inapoishia, kuzunguka pande zote, na ukuta wenye unene wa kama milimita 1. Penye noleo la namna hiyo, jino lako lina matumaini makubwa. Pasipo na noleo, hata kofia ya bei ya juu itachomoka, au itaondoka pamoja na jino.

Upande wako wa ulimi umevunjika. Swali ni umevunjikia wapi. Ukivunjikia juu ya ufizi, kazi ni rahisi. Ukiingia chini kidogo, daktari anaweza kushusha ufizi na mfupa kidogo ili apate jino la kushika, au akalivuta jino juu taratibu, ingawa kwa gego kuna mpaka: ukipandisha sana unafika pale mizizi inapogawanyika. Ukishuka mbali ndani ya mfupa, au mzizi wenyewe ukiwa umepasuka kwa urefu, hapo mama mkwe atakuwa sahihi. Mzizi uliopasuka kwa urefu hauunganiki kwa gundi wala nguzo. Dalili zake ni kijipu kwenye ufizi kinachopona na kurudi, maumivu ya kuuma upande mmoja, au kijifuko chembamba kirefu sehemu moja tu daktari anapopima ufizi. Picha ya eksirei haioneshi kila ufa, kwa hiyo kipimo cha ufizi ni muhimu kama picha. Jino la hivyo ling'olewe, na pesa yako ibaki.

Hapa ndipo ninapotofautiana na daktari aliyekuangalia haraka haraka, na ninasema kwa heshima kwa kuwa yeye ameliona jino na mimi sijaliona. Nguzo hailipi jino nguvu. Watu wanaifananisha na nondo kwenye zege, lakini mzizi si zege linalomwagwa kuzunguka nondo. Ili nguzo iingie inabidi mzizi uchimbwe, na kila unachokichimba ni ukuta wa jino unaoondoka. Kazi ya nguzo ni moja tu, kushikilia dawa ya kujengea pale ambapo juu hapakubaki kitu cha kuishika. Gego la chini lina chumba kipana katikati na mizizi zaidi ya mmoja. Likiwa limebakiwa na kuta mbili tatu, dawa ya kujengea inajishika vizuri mle chumbani bila nguzo yoyote. Muulize kwa upole: "Daktari, bila nguzo dawa haitashika?" Akisema haitashika na akakuonesha kwa nini, sawa. Akisema ni kwa ajili ya kuimarisha mzizi, omba maoni ya mwingine. KCMC, hospitali ya rufaa ya hapo Moshi, wana idara ya meno, na kwa walio Arusha kuna Hospitali ya Mount Meru.

Ikibidi nguzo, tazama mambo mawili. Abakize walau milimita 4 hadi 5 za ule mpira uliozibia ncha ya mzizi, ukichimbwa wote vijidudu vinapata njia. Na kama zipo nguzo za nyuzi (fibre), mimi huzipenda kuliko za chuma. Chuma ni kikakamavu kuliko jino, mzigo ukizidi mzizi ndio unaopasuka. Ya nyuzi hupinda karibu kama jino linavyopinda, ikishindwa mara nyingi inachomoka tu, na kilichochomoka kinarudishwa.

Kabla ya kujenga chochote, kuna jambo ambalo hukuliuliza na linanipa wasiwasi zaidi. Miezi minane dawa ya muda imekaa mdomoni, na sasa ukuta umeondoka. Mate yakikaa juu ya mpira wa mzizi kwa muda mrefu, vijidudu vinashuka. Wengi wetu tukijua mzizi umekaa wazi kwa zaidi ya miezi mitatu, tunafikiria kuusafisha upya kabla ya kuweka kofia. Ni gharama nyingine, najua. Lakini kofia nzuri juu ya mzizi mchafu ni nyumba mpya juu ya choo kinachofurika, na ukija kuugua itabidi kofia ile itobolewe.

Kuhusu pesa, kazi hii inaweza kugawanywa, usingoje mpaka upate laki tano kwa mkupuo. Hatua ambayo haiwezi kungoja ni kufunga. Baada ya eksirei na kipimo, jino lijengwe kwa dawa ya kudumu wiki hiyo hiyo, na vilima vilivyobaki vipunguzwe urefu kisha vifunikwe na dawa hiyo kwa unene wa kama milimita 2, ili unapouma nguvu ishuke chini badala ya kupanua kuta. Si sawa na kofia, lakini inaweza kukuvusha miezi kadhaa huku unadunduliza. Na kofia yenyewe si lazima iwe ya rangi ya jino. Gego la nyuma halionekani ukicheka. Kofia ya chuma inahitaji jino lichongwe kidogo kuliko ya kauri, na kwako ambaye jino limeshapungua, kidogo hicho kina thamani. Uliza bei zote mbili.

Mpaka litakapofungwa, tafunia kushoto. Mtori na ndizi za kupikwa kula bila hofu. Mahindi ya kuchoma, miwa, bisi na mifupa ya mbuzi viache kwanza. Likishavishwa utarudi kula makande kama watu wengine.

Umeuliza kama litakuwa na nguvu kama zamani. Hapana, mama. Hakuna ziba wala kofia inayorudisha jino kama lilivyoota. Linaweza kuwa na nguvu za kutosha kukutafunia miaka mingi, na kwa gego hilo ndilo ninalolitaka. Lakini ukingo wa kofia unaweza kuoza kama jino jingine lolote, na halitakuuma kukuambia. Piga mswaki pale inapokutana na ufizi, na walau mara moja kwa mwaka liangaliwe.

Meno ya Ngarenanyuki sasa. Rangi hiyo inatokana na floridi nyingi kwenye maji ya miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru, uliyokunywa meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kule visima na vijito vingi vinapita hapo. Aliyekuambia hayashiki dawa ametia chumvi, lakini kuna ukweli ndani yake. Gamba la nje la jino lenye floridi nyingi halipokei asidi ya kuandalia gundi kama la kawaida, kwa hiyo gundi inaweza kushika kwa udhaifu. Daktari anayejua atalikwaruza kidogo gamba hilo au atairefusha hatua ya asidi. Mwambie umekulia wapi, hata kama anaona rangi. Hali hiyo haizuii kutibu mzizi wala kuvisha kofia, na kofia inayoshika kwa umbo lake haitegemei gundi peke yake.

Mwanao mwache bila kofia. Mwaka 1984 Sorensen na Martinoff walipitia meno 1,273 yaliyotibiwa mzizi, wakaona kofia iliyasaidia sana magego makubwa na madogo, lakini kwa meno ya mbele haikuleta tofauti ya maana. Jino la mbele linakata, halisagi, halina vilima vya kupanuliwa na kabari. Likiwa zima na kitundu kimezibwa vizuri kwa dawa ya kudumu, kulichonga kwa ajili ya kofia ni kuliondolea nguvu lililo nazo. Hakikisha tu ziba lake si lile jeupe la muda. Likianza kugeuka rangi ya kijivu linaweza kung'arishwa kwa ndani kupitia kitundu hicho hicho. Kama anaendelea na mpira, mtafutie kinga ya meno ya kuvaa uwanjani, na asifungue soda kwa meno.

Na kile kipande cha kwenye kiberiti, nenda nacho. Kingo zake zikiwa safi na ngumu, ukuta ulivunjika kwa uzito tu na yawezekana kuta zilizobaki ni nzima. Zikiwa nyeusi na laini, ujue uozo umerudi chini ya dawa, na daktari aukwangue mpaka afike penye jino gumu ndipo apime kama milimita 2 zetu bado zipo.